Vikapu 120, Vichwa 190: Uchambuzi wa Oda Moja ya Miyaa

Vikapu 43 kati ya 120 vilirudi. Vilitoka Likoni vimefungwa vizuri, vikavuka feri, vikafika duka moja la vitu vya nyumbani huko Nyali, Mombasa, katikati ya Mei. Juni haijaisha, vikaanza kurudi mafungu mafungu: hivi vina madoa meusi, hivi vimeachana mishono, hivi vimechafua nguo ya mteja. Kikundi chenye wasukaji 14 kilitafuta kosa kwenye mikono: nani kasuka ovyo, nani kashona kwa haraka. Kosa halikuwa hapo. Mikono hiyohiyo ndiyo iliyosuka vikapu vingine 77 ambavyo havikulalamikiwa na mtu. Tunavyoona sisi, oda hii iliharibika siku ilipokubaliwa, kwa sababu walihesabiwa wasukaji na zikahesabiwa siku, lakini mikoma, yaani miti inayotoa miyaa ya kusukia, haikuhesabiwa.

Kikundi, duka na wakataji hawatajwi. Kisa kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia kwa wasukaji wa Pwani, na hesabu zilizomo ni za kisa hiki tu, si takwimu za nchi.

Oda yenyewe

Duka lilitaka vikapu 120 vya miyaa myeupe, kila kimoja kikiwa na kitako cha duara chenye upana wa sentimita 30, kimo sentimita 30, pete mbili za rangi karibu na mdomo, na vishikio viwili vya miyaa iliyosokotwa. Makubaliano yalifanyika mwanzoni mwa Machi. Mzigo ulitakiwa ufike Mei 15.

Oda za namna hii si ajabu tena. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kikapu kimerudi mkononi mwa watu waliokuwa wamekisahau, na maduka yanaagiza kwa makumi kile ambacho zamani mama mmoja alikuwa akisuka kwa kusaidia jirani zake. Mkono wa msukaji unaweza kuongezwa kasi. Mkoma hauwezi.

Kikundi kilipiga hesabu yake barazani, na kwa upande wa kazi hesabu ilikuwa sahihi. Kikapu cha kipimo hicho, kikisukwa kwa ukili (utepe mrefu uliosukwa) wa chane 9, yaani vipande vyembamba vya jani, kila uchane ukiwa na upana wa milimita 5, hutaka pima 7 za ukili; pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Msukaji mzoefu, pamoja na shughuli zake za nyumbani, hutoa pima 4 kwa siku. Vikapu 120 ni pima 840. Wasukaji 14 hutoa pima 56 kwa siku. Basi ukili wote unamalizika kwa siku 15. Kushona kikapu ni nusu siku. Kazi nzima haifiki wiki tatu, na muda uliokuwepo ulikuwa zaidi ya wiki kumi. Nani angekataa?

Miyaa ilinunuliwa kwa mkataji wa Kwale, kwa mzigo, yaani fungu lililofungwa kamba, bila kujali ndani mna majani mangapi wala ya aina gani. Mzigo wa kwanza ulikuja katikati ya Machi, jua la kaskazi likiwa bado kali. Wa pili ulikuja wiki ya kwanza ya Aprili. Wa tatu ulikuja mwishoni mwa Aprili, masika yameshaanza. Siku ya mzigo wa tatu mkataji alimwambia kiongozi wa kikundi, "Mama, chukua huu tu. Mvua ikishika hakukatiki tena." Alisema kweli. Mvua inaposhika, miyaa ya kazi nyeupe haikatwi, kwa sababu haina jua la kukaukia. Kikundi kilichukua maneno hayo kuwa ni sababu ya kununua haraka, kumbe yalikuwa sababu ya kuacha.

Kilichorudi

Vikapu havikuwekwa alama ya mzigo, lakini tofauti ilionekana kwa macho. Miyaa ya mzigo wa kwanza ilikuwa na weupe wa maziwa, ya pili ilichanganyika weupe na ukijani uliopauka, ya tatu ilikuwa ya kijivu na ukiinusa ina harufu ya shimo. Kwa kutenga hivyo hesabu ikawa wazi. Mzigo wa kwanza ulitoa vikapu 41, vikarudi 2, vyote kwa vishikio kung'oka. Wa pili ulitoa 45, vikarudi 14: 8 vimeachana au kukatika kingo za ukili, 5 vimetoa rangi, 1 kishikio. Wa tatu ulitoa 34, vikarudi 27: 24 vimeota kuvu, 3 vimeachana.

Angalia mzigo wa kwanza. Watu walewale, shazia (sindano za kushonea ukili) zilezile, mtindo uleule wa kushona. Kama kosa lingekuwa la mikono, lisingengojea Aprili.

Hesabu ambayo haikupigwa

Malighafi hii ni miyaa, yaani vipande vya jani changa la mkoma, ambao kwa jina la kitaalamu ni Hyphaene compressa. Usiuchanganye na mkindu, Phoenix reclinata, unaotoa ukindu. Ukindu ni mwembamba na laini, ndio wa mikeka ya rangi. Mwaa ni mpana na mgumu zaidi, ndio wa majamvi, makanda na vikapu vya kubebea mzigo. Mkindu hupenda penye maji, kandokando ya mito na mabondeni. Mkoma huvumilia mchanga na ukavu, na huota wenyewe Kwale na Kilifi hadi Tana River na Lamu.

Jani la mkoma hufunguka kama kipepeo cha mkono. Kabla ya kufunguka husimama katikati ya kichwa limefumba kama upanga ndani ya ala, miyaa yake imekunjana, haijapigwa na jua. Hilo jani lililofumba ndilo la kusukia. Baada ya kufunguka huwa la kijani, gumu, lina nta juu yake, na likikunjwa huvunjika.

Sasa hesabu ya jani kwa jani. Pima 7 ni karibu mita 12 na nusu; tuchukue 12 za ukili unaoingia mwilini mwa kikapu, yaani mita 9 na nusu za ubavu na mbili na nusu za kitako. Katika ukili, uchane hauendi moja kwa moja. Huenda mshazari, kwa hiyo kila mita moja ya ukili hula mita 1.4 za uchane mmoja. Mita 12 mara 1.4 mara chane 9 ni kama mita 150. Uchane mmoja mzuri, baada ya kukatwa ncha, una urefu wa sentimita 50, na sentimita 10 hupotea unapoungiwa mwenzake. Unabaki na 40. Mita 150 ni karibu chane 380. Mwaa mmoja wa jani la kichaka hiki ulitoa chane 4 za milimita 5 baada ya kutupwa kingo na mshipa wa kati, basi ni miyaa 95. Jani moja lina miyaa mingi zaidi, lakini ile ya pembeni ni mifupi. Yenye urefu wa kufaa ni kama 30. Kwa ukili peke yake ni majani 3 na ushei. Ongeza chane za kushonea, pindo la mdomo, vishikio vya kusokota, na zinazoharibika wakati wa kuchana, unafika majani 5 kwa kikapu.

Vikapu 120 ni majani 600.

Kichaka ambacho mkataji alikuwa akikitegemea kilikuja kuhesabiwa mwezi wa Julai. Kilikuwa na vichwa 260. Tunasema vichwa, si miti, kwa sababu shina la mkoma hugawanyika mara mbili, kisha mara mbili tena, na kila tawi lina kichwa chake na moyo wake. Vichwa 70 vilikuwa vichanga mno kukatwa au juu mno kufikiwa. Vilibaki 190. Kila kichwa kikitoa jani moja, kichaka kizima kinatoa majani 190 kwa mzunguko, yaani vikapu 38. Si sadfa kwamba mzigo wa kwanza ulitoa vikapu 41 vizuri. Kichaka kilitoa kilichokuwa nacho, kikamaliza. Majani 400 yaliyobaki hayakuwepo, ila mzigo ulikuwa umeshaagizwa na mkataji alikuwa na watoto wa kulisha.

Akafanya kinachofanywa kila mahali mzigo unapolipwa kwa fungu. Alirudia vichwa vilevile na kukata jani la pili lilipochomoza tu, fupi. Aliingia kwenye mikoma midogo. Na alipoona fungu halijai, alichanganya majani yaliyokwisha kufunguka. Hatumlaumu. Aliyelipwa kwa unene wa fungu ataleta fungu nene. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mikoma hakuwa nalo mkataji wala mnunuzi.

Hali hii ina mfano wake mbali na hapa. Kaskazini-magharibi mwa Botswana, biashara ya vikapu vya ndugu wa mkoma huu, Hyphaene petersiana, ilipokua kuanzia miaka ya 1970, mikoma ya karibu na vijiji vya wasukaji ilipungua mpaka wanawake wakawa wanakwenda mbali zaidi kutafuta majani. Vikapu vyao vilipata sifa duniani, na mti uliovizaa ukalipia.

Kukata

Mkoma hauna njia ya pili. Kichwa kina moyo mmoja, na majani yote ya miaka ijayo yamo humo ndani. Ukiuchoma moyo kwa ncha ya kisu, au ukilivuta jani kwa nguvu likang'oka na shina lake, tawi hilo limekwisha. Ndivyo pia mgema anapofyeka kichwa ili apate tembo: tawi halichipui tena.

Kwa hiyo jani halivutwi. Hukatwa kwa kisu chenye makali, au kwa mundu uliofungwa kwenye mti mrefu ikiwa kichwa kiko juu, na mkato huwekwa shibiri moja juu ya pale jani linapotokea kichwani. Kikonyo cha mkoma kina miba iliyopinda kama kucha, basi mkono wa pili hauendi chini bila kitambaa kizito. Jani linalofaa limechomoza lote, limefumba, na linafika angalau urefu wa mkono kuanzia begani. Fupi kuliko hilo huachwa likue. Lililoanza kujikunjua ncha pia huachwa, limeshapita wakati.

Kanuni ambayo kikundi kilianza kuifuata baada ya hasara hii ni ya maneno manne: kata moja, ruka moja. Kichwa kilichokatwa hufungwa uzi wa rangi kwenye kikonyo cha jani la zamani. Jani linalofuata huachwa lifunguke na kubaki. Likishafunguka, na la tatu likasimama limefumba, hapo ndipo uzi hufunguliwa na kisu kurudi. Hatuandiki idadi ya miezi kwa makusudi, kwa sababu kichwa kilicho karibu na maji hutoa jani haraka kuliko kilicho juu ya mwamba, na mwaka wa ukame si sawa na mwaka wa mvua. Uzi ndio kalenda. Kichwa chenye majani mabichi yasiyofika matano hakikatwi kabisa, hata kama jani la kati ni zuri kiasi gani.

Kuchoma kichaka ili kuondoa miba na kurahisisha njia ni tabia inayotuuma. Mkoma mkubwa huvumilia moto, na ndiyo maana watu hudhani hakuna madhara. Miche iliyo chini haivumilii. Kichaka kinachochomwa kila mwaka kinaonekana kizima kwa miaka mingi, kumbe hakina watoto.

Na si kila mkoma unaoota wenyewe ni wa mtu yeyote. Ulio shambani una mwenye shamba, aulizwe. Ulio ndani ya msitu uliotangazwa na serikali unahitaji kibali cha Kenya Forest Service chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2016. Makaya ya Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ambayo kadhaa yaliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, hayakatwi. Wazee wa kaya ndio wenye kauli, na kauli yao ni hapana.

Pale kuvu ilipoingilia

Vikapu 24 vyenye kuvu ndivyo vilivyoumiza zaidi, na ndivyo ambavyo chanzo chake ni rahisi kukifuata hatua kwa hatua.

Miyaa mibichi imejaa maji na utamu. Ikikatwa inapaswa kufunguliwa siku hiyohiyo: jani linapasuliwa mwaa mmoja mmoja, linatandazwa tabaka moja juu ya jamvi kuukuu au makuti, si juu ya mabati, kwa maana bati la moto hukausha upande mmoja na mwaa hujikunja kama bomba. Jua la kaskazi hutosha kwa siku 3. Adhuhuri miyaa hugeuzwa. Kabla ya magharibi huingizwa ndani, kwa sababu umande wa usiku mmoja hurudisha kazi ya mchana. Jua hilo ndilo linaloing'arisha pia. Siku ya nne hukaa kivulini penye upepo, kisha hufungwa mafungu membamba yasiyobana na kutundikwa.

Mzigo wa tatu ulikatwa asubuhi ya mvua, ukafungwa mbichi ndani ya magunia ya nailoni, ukakaa siku moja kwenye kituo cha gari, ukapangwa juu ya sakafu ya saruji uani, umefunikwa turubai. Ulipofunguliwa siku ya tatu ulikuwa moto katikati. Kuvu haikuanzia Nyali; ilianzia pale. Siku za jua zilipojitokeza miyaa ilianikwa saa mbili tatu, ikaonekana kavu kwa kuguswa, ikachanwa. Wakati wa kusuka ikaloweshwa tena, kama inavyolazimu, na vikapu vikafungwa kwa karatasi ya nailoni vikiwa na unyevu wa kazi. Stoo ya duka haikuwa na dirisha. Hapo kuvu ilipata kila kitu inachokihitaji.

Kuna namna mbili za kujua kama miyaa imekauka bila kubahatisha. Ya kwanza ni mizani ya jikoni: pima fungu lilelile saa tisa alasiri siku mbili mfululizo. Uzito ukishuka bado ina maji, usiposhuka, imefika. Saa lazima iwe moja, kwa sababu hewa ya Mombasa asubuhi ina unyevu mwingi na fungu kavu huongezeka uzito kwa kunywa hewa tu. Ya pili inaonyesha pia kwa nini vikapu viliachana. Chukua chane 10, zipange ubavu kwa ubavu bila nafasi, pima upana wote kwa rula. Ziache juani siku nzima, zipange tena. Zikipungua kwa zaidi ya milimita moja au mbili, usizisuke.

Mwaa unapokauka haupungui urefu kiasi cha kuonekana, hupungua upana. Chane zilizosukwa mbichi hubana vizuri siku ya kazi, kisha kila moja huvuta nafasi kidogo, na katika ukili wa chane 9 nafasi hizo hujumlishana mpaka unaona mwanga. Mshono nao hulegea, maana uchane wa kushonea hupita ndani ya mikunjo ya kingo za kili mbili, na mikunjo ikisinyaa haushiki kitu. Vile vikapu 8 vya mzigo wa pili vilikuwa na tatizo la ziada: mchanganyiko. Uchane wa jani lililofumba na uchane wa jani lililofunguka haukunjiki sawa. Ule wa pili, ukifika ukingoni mwa ukili na kugeuzwa, hupasuka kwenye kunyanzi, mara nyingi si siku hiyo bali baada ya wiki mbili za kubebeshwa viazi. Msukaji mwenye vidole vyepesi huuhisi ugumu huo, lakini anayekimbizwa na tarehe huupuuza.

Kulowesha nako kuna kiasi. Chane hazitumbukizwi kwenye ndoo. Hufungwa ndani ya kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa kwa nusu saa hadi saa moja, zile za kazi ya siku hiyo tu. Zinazobaki jioni hutandazwa zikauke. Zikilala na kitambaa, kesho kutwa zina vidoa. Na kikapu kikimalizika hakijamalizika: hutundikwa kichwa chini penye upepo siku 2 au 3 kabla ya kugusana na kingine.

Rangi, na vishikio

Vikapu 5 vilivyotoa rangi vina maelezo mafupi. Rangi ya unga ilichemshwa sawasawa, miyaa ikakaa ndani karibu nusu saa, ila ilioshwa mara moja tu kwa sababu siku hiyo maji ya bomba hayakutoka na ya mkokoteni yalinunuliwa. Rangi iliyokaa juu bila kushika ikabaki. Miyaa ya rangi huachwa ipoe ndani ya maji ya rangi, kisha huoshwa mpaka maji yatoke meupe, kisha hukaushwa kivulini. Kabla ya kusukwa hupanguswa kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kikishika rangi, rudi kuosha. Mafungu ya kutia rangi yafungwe kwa ulegevu, la sivyo katikati hubaki nyeupe. Sufuria isiwe ya chakula. Nyingi ya rangi hizi hupauka juani hata zikioshwa vizuri, na mwenye duka aambiwe hivyo kabla hajaweka vikapu dirishani. Wapo wanaotaka kurudi kwenye weusi wa mdaa, mmea wa kutia rangi, na wekundu wa gamba la mkoko. Ni rangi nzuri mno, lakini mkoko ukibambuliwa gamba pande zote hufa, na hatuoni maana ya kuuokoa mkoma kwa kuua mkoko.

Vishikio vitatu viling'oka kwa sababu vilishonwa kwenye pete ya juu peke yake. Uzito wote ulivuta ukili mmoja. Kamba ya kishikio inapaswa kushuka ubavuni, kupita chini ya kitako, na kupanda upande wa pili, ikikamatwa kwa mshono kila baada ya kili mbili. Inakula kamba zaidi, na hapo mkonge ni bora kuliko miyaa. Mkonge hulimwa hapa hapa Pwani, Vipingo una mashamba yake, na kila kishikio cha mkonge ni jani la mkoma lililobaki mtini.

Vikapu 43

Vile 3 vya vishikio vilishonwa upya na kurudi dukani wiki hiyo. Vile 5 vya rangi vilioshwa kwa maji baridi mara nne, vikatundikwa kivulini, vikafaulu kitambaa cheupe, ingawa pete zilipauka. Mwenye duka alivichukua kwa bei ya chini. Katika 11 vilivyoachana, 6 vilifumuliwa mshono, kili zikaanikwa mpaka zikakoma kusinyaa, zikashonwa tena, vikatoka vifupi kwa ukili mmoja. Vitano vilivyokatika kingo havikuwa na dawa.

Vya kuvu vilipigwa brashi kavu nje ya nyumba, pua na mdomo vimefungwa, vikapanguswa kwa siki na kuanikwa siku 3. Kuvu ya juu iliondoka, madoa hayakuondoka, kwa kuwa doa la kuvu limo ndani ya mwaa. Mmoja alijaribu dawa ya klorini ya kufulia. Kikapu kiling'aa, na baada ya siku chache chane zikaanza kukatika kama karatasi iliyoungua. Vilivyobaki imara 15 viliuzwa soko la Kongowea kama vikapu vya kubebea makaa na vitunguu, na wanunuzi wakaonyeshwa madoa. Vilivyobaki 8, pamoja na kile cha klorini, vilikwenda shimo la mboji.

Oda iliyofuata

Mwezi wa Septemba duka lilirudi na kuulizia vikapu 100. Kikundi kilijibu kwa hesabu ya kichaka. Vichwa 190 vilikuwa vimegawanywa nusu kwa nusu kwa nyuzi nyekundu na nyeupe, ili upande mmoja ukikatwa mwingine upumzike. Majani 95 kwa mkato. Kwa vishikio vya mkonge, jani 1 hupona katika kila kikapu, hivyo majani 4 yanatosha. Mkato mmoja unatoa vikapu 23. Mwenye duka aliambiwa atapata 20, vitatu vikiwa akiba ya vitakavyoharibika, na vingine 20 upande wa pili wa nyuzi utakapokuwa tayari, na kwamba miyaa ya kazi nyeupe hukatwa Januari hadi katikati ya Machi, na tena kuanzia Agosti mvua zikipungua. Katikati ya masika hakuna oda nyeupe. Kuna vikapu vya miyaa iliyokaushwa juu ya moshi wa jiko, rangi ya kahawia, kwa anayevitaka. Alikubali 20 na akauliza vya moshi bei gani.

Mkataji sasa hulipwa kwa jani, lenye urefu wa mkono na lililofumba, na lililofunguka halipokewi hata kama ni bure. Kwa siku moja analeta majani machache kuliko zamani na anapata pesa ileile. Yeye ndiye aliyesema mbegu za koma, tunda la mkoma, zisipelekwe kwenye vifuko vya kitalu. Mbegu ya mkoma hushusha kwanza chipukizi chini kabisa ardhini kabla jani halijaonekana juu. Kwenye kifuko hugonga chini, na likihamishwa huvunjika. Zimefukiwa papo hapo, kwenye mapengo ya kichaka, zimezungushiwa miba ili mbuzi wasifike, 60 kwa jumla, na kila moja imewekewa kijiti.